Kanisa la Scrovegni, Padua: kuitembelea toba ya wala riba

Msafiri anayefika kaskazini mwa Italia kwa kawaida hukimbilia Venice, na mji wa Padua, ulio umbali wa takribani nusu saa kwa treni, huutazama dirishani tu na kuupita. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya, au wanaopita huko kwa masomo, kazi au hija, nikitaka kuwashawishi washuke Padua na walipe kiingilio cha Kanisa dogo la Scrovegni. Tikiti niliinunua kwa fedha yangu mwenyewe, na ninasema tangu mwanzo kwamba ziara hii inastahili gharama yake yote, hasa kwa mtu aliyewahi kudai au kudaiwa, na kwa mtu yeyote aliyewahi kujiuliza tajiri aliyejitajirisha kwa machozi ya wenzake anatubu namna gani. Kanisa hili lilijengwa na mtoto wa mkopeshaji mashuhuri, kwa utajiri ambao sehemu yake kubwa ilitoka kwenye riba, na kuta zake zilichorwa na Giotto di Bondone, mchoraji ambaye Italia yote ilikuja kumwita mwanzilishi wa uchoraji mpya. Ndani yake utaiona toba ya fedha ikiombwa hadharani, na karibu nayo utaiona adhabu ya wale waliokataa kuiomba.

Nianze na huduma yenyewe, kwa sababu utaratibu wake si wa kawaida. Huwezi kufika mlangoni, ukasali kidogo na kuingia kama unavyoingia katika makanisa mengine ya Italia. Ni lazima uweke nafasi mapema, jambo linalofanyika kwa urahisi mtandaoni, na unapoweka nafasi unachagua siku na saa kamili ya kuingia. Tikiti ya mtu mzima haifiki euro 20, na kwa tikiti hiyo hiyo unaruhusiwa kuingia katika makumbusho ya Eremitani yaliyo pale pale. Kutoka kituo cha treni ni mwendo wa miguu wa kama dakika kumi, ukifuata barabara kuu inayovuka daraja la mfereji, hadi unapoiona bustani yenye mabaki ya ukuta wa uwanja wa michezo wa Warumi wa kale. Ni kwa sababu ya uwanja huo wenyeji huliita pia Kanisa la Arena. Mabegi huachwa mapokezini, na unatakiwa uwe umekwisha kufika mlangoni kabla ya saa yako, kwa kuwa mlango hufunguliwa kwa wakati na kufungwa kwa wakati, na aliyechelewa hana wa kumlalamikia.

Kinachofuata huwashangaza wengi. Kundi la watu wasiozidi 25 huingizwa katika chumba cha kioo, mlango hufungwa nyuma yenu, na kwa dakika 15 mnakaa mkitazama filamu fupi kuhusu historia ya kanisa, huku mitambo ikisawazisha joto na unyevu wa hewa na kupunguza vumbi mlilokuja nalo kwenye nguo. Sababu yake ni ya msingi: pumzi za watu, jasho na moshi wa mji ndivyo vinavyozila rangi zilizodumu kwa miaka zaidi ya 700, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati iliyokamilika mwaka 2002 wahifadhi hawakutaka kurudi nyuma. Kisha mlango wa upande wa pili hufunguka, na mnapewa dakika nyingine 15 ndani ya kanisa lenyewe. Ni muda mfupi mno kwa kazi iliyojaa kuta zote kutoka chini hadi darini, na anayetaka kuiona kwa utulivu atafute zile ziara za jioni za muda mrefu zaidi ambazo zimekuwa zikitolewa katika baadhi ya misimu. Hata hivyo siwezi kuwalaumu wanaolinda mlango. Kanisa lenyewe la Eremitani, hatua chache kutoka hapo, lilipigwa kwa mabomu mwezi Machi 1944, na michoro ya Andrea Mantegna iliyokuwa humo ikavunjika vipande maelfu. Mji uliopoteza hazina kama hiyo una haki ya kuwa mkali juu ya iliyobaki.

Sasa nieleze kwa nini jengo hili lipo, maana asiyejua habari ya baba hataielewa zawadi ya mwana. Reginaldo degli Scrovegni alikuwa mkopeshaji wa Padua katika karne ya 13, na sifa yake ya kula riba ilienea kiasi kwamba mshairi Dante Alighieri, aliyeishi zama zile zile, alimweka motoni bila kumwonea haya. Katika utenzi wake wala riba wameketi juu ya mchanga unaowaka, kila mmoja akiwa na mfuko wa fedha shingoni, na macho yao hayatoki kwenye mifuko hiyo hata katika mateso. Mfuko wa mmoja wao ni mweupe, na juu yake kuna nguruwe jike wa buluu mwenye mimba. Hiyo ndiyo ilikuwa nembo ya ukoo wa Scrovegni, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kulitaja jina. Kila mtu wa Padua alimtambua.

Tukumbuke kwamba Reginaldo alikuwa Mkristo aliyebatizwa, aliyeishi katika mji wa Wakristo, na Kanisa la wakati wake halikuichukulia riba kuwa udhaifu mdogo wa mfanyabiashara. Walimu wa zama zile walifundisha kwamba muda ni wa Mungu, na anayetoza ziada kwa sababu tu miezi imepita anauza kitu ambacho si chake. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1179, uliwanyima wala riba wa wazi Komunyo na mazishi ya Kikristo. Mtaguso wa Pili wa Lyon, mwaka 1274, ukakaza zaidi, ukabatilisha hata wosia wa mla riba ambaye hakupanga kurudisha alichokitoza. Kwa hiyo wongofu wa mkopeshaji ulikuwa na sharti ambalo wongofu wa mlevi au mzinzi haukuwa nalo kwa namna ile ile: ilimpasa kufungua daftari lake, kumtafuta kila aliyemnyonya, na kumrudishia. Machozi peke yake hayakumtosha padre kumwondolea dhambi. Na mzigo huo haukuzikwa na marehemu, kwa kuwa warithi wake walirithi mali pamoja na wajibu wa kuirudisha.

Enrico, mwana wa Reginaldo, ndiye aliyerithi. Mwaka 1300 alinunua eneo la uwanja wa Kirumi, akajenga jumba la fahari, na ubavuni mwa jumba hilo akajenga kanisa aliloliweka wakfu kwa Bikira Maria wa Upendo tarehe 25 Machi 1305, siku ya Kupashwa Habari. Jumba lilibomolewa mwaka 1827. Kanisa limebaki peke yake bustanini, la matofali mekundu, halina mapambo kwa nje, na mpita njia asiyejua anaweza kulidhania ghala.

Ukiingia, usitoe simu kwanza. Simama katikati na ukubali kuzungukwa. Jengo lina urefu wa karibu mita 29 na upana wa mita 8 na nusu, na dari lote ni anga la buluu lenye nyota za dhahabu. Buluu hiyo inashuka ukutani nyuma ya kila tukio, kwa hiyo maisha ya Yoakimu na Ana, wazazi wa Maria, ya Maria mwenyewe na ya Yesu yanaonekana kutendeka chini ya mbingu moja. Ningeweza kuandika kurasa juu ya kilio cha malaika wanaozunguka mwili wa Kristo, lakini nitabaki kwenye habari ya fedha, kwa sababu ndiyo inayolifunga kanisa hili pamoja.

Tazama kwanza upande wa altare, kwenye tao kubwa, upande wa kushoto. Pale Yuda anapokea malipo yake. Amevaa vazi la njano, ameushika mfuko kwa nguvu, na nyuma yake shetani mweusi amemkamata kama askari anayehakikisha mfungwa haponyoki. Kilichonigusa zaidi ni kwamba Yuda haoneshi kuhisi chochote mgongoni; anawatazama makuhani machoni kama mtu aliye katika biashara halali. Upande wa kulia wa tao hilo hilo, mkabala naye, Maria na Elisabeti wanakumbatiana. Mikutano hiyo miwili imewekwa uso kwa uso kwa makusudi kabisa: katika mmoja watu wanakutana na neema inapita kati yao, katika mwingine wanakutana na kinachopita ni vipande vya fedha.

Pembeni ya Yuda, kwenye ukuta wa kushoto, Yesu anawafukuza wafanyabiashara hekaluni. Mkono wake umeinuliwa, meza imepinduka, wanyama wanakimbia, na mtoto mmoja ameingia kujificha katika vazi la mtume kwa hofu. Mchoraji angeweza kuliweka tukio hili mahali popote, ila ameliweka mwisho wa safu, mtazamaji akimaliza kuliona akutane na mfuko wa Yuda. Kwa kanisa lililolipiwa na mwana wa mkopeshaji, mpangilio huu ni ujasiri mkubwa, na ninaamini mfadhili aliuona na kuukubali.

Chini kabisa ya kuta, mahali ambapo wageni wengi hawatazami kwa sababu wameinua vichwa, kuna fadhila saba na maovu saba, yamechorwa kwa rangi ya kijivu kana kwamba ni sanamu za mawe. Itafute Mapendo, upande wa ukuta wenye madirisha. Ni mwanamke aliyevaa taji la maua, mkono mmoja una kikapu cha matunda, mwingine unamkabidhi Mungu moyo wake, na miguu yake imekanyaga mifuko. Fedha iko chini ya nyayo zake, haijatupwa wala haijafichwa, amesimama juu yake tu. Geuka sasa ukuta wa pili, utamkuta anayepingana naye, Kijicho, anayeungua katika ndimi za moto huku ameng'ang'ania mfuko wake wa fedha, na nyoka anayetoka kinywani mwake anarudi kumwelekea yeye mwenyewe machoni. Jambo moja linahitaji kusemwa hapa: uchoyo wenyewe haumo katika orodha ya maovu saba. Wataalamu wamelijadili sana. Wengine huona kwamba jina hilo lilikuwa zito mno katika kanisa la ukoo huu, na mimi ninakubaliana nao, ingawa mfuko uliomo mkononi mwa Kijicho umelisema jambo lile lile kwa sauti.

Zikikaribia kuisha dakika zako, geuka nyuma. Ukuta mzima wa upande wa mlango mkuu ni Hukumu ya Mwisho. Kristo ameketi katikati, na kutoka katika kiti chake mto wa moto unateremka kuelekea jehanamu, iliyo upande wetu wa kulia. Humo, miongoni mwa waliohukumiwa, kuna watu walionyongwa kwa kamba za mifuko yao wenyewe ya fedha, mifuko ikiwa bado imejaa. Hao ndio wala riba. Yuda naye ananing'inia humo, matumbo yake nje. Upande wetu wa kushoto, chini ya msalaba ulioshikwa na malaika, kwa kimo kile kile cha watakatifu, yumo Enrico Scrovegni. Amepiga magoti, amevaa zambarau, rangi ya toba, na pamoja na padre anayelibeba kanisa begani anamkabidhi Bikira Maria mfano mdogo wa jengo hili hili tulimosimama. Bikira Maria anamnyoshea mkono. Mikono yao inakaribia kukutana.

Nimeitazama sehemu hiyo kwa makini kuliko nyingine yoyote, na swali langu lilikuwa moja: huyu ameongoka kweli? Wapo wanahistoria wanaosema Enrico hakulijenga kanisa kwa ajili ya dhambi za baba yake, bali kwa ajili ya jina lake na siasa za mji, na ushahidi hawaukosi. Mwezi Januari 1305, miezi michache kabla ya kuwekwa wakfu, watawa Waagustino wa Eremitani, waliokuwa majirani, walilalamika rasmi kwamba kilichoruhusiwa kuwa mahali padogo pa sala ya familia kimekuwa kanisa kubwa lenye mnara wa kengele, na kwamba mambo mengi humo yamefanywa kwa majivuno na faida kuliko kwa utukufu wa Mungu. Kwa upande mwingine, mwaka 1304 Papa Benedikto XI alikuwa amewapa rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, waliolitembelea, na mtu anayetaka sifa tu hana haja ya kuwachora wala riba motoni mahali ambapo kila atokaye atawaona.

Maoni yangu ni kwamba toba iliyochorwa pale ni ya kweli, lakini ina pengo, na pengo hilo linaonekana ukutani penyewe. Mtoaji yupo, zawadi ipo, Bikira Maria yupo kuipokea. Aliyenyonywa hayupo. Huoni mjane aliyepoteza shamba, wala fundi aliyeuza vyombo vyake vya kazi ili alipe, wala mtu yeyote anayerudishiwa haki yake mkononi. Katika Injili ya Luka, Zakayo, mkuu wa watozaushuru wa Yeriko, anapokutana na Yesu hajengi kitu. Anasimama mbele ya watu na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Ni baada ya maneno hayo Yesu anatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Wongofu wa Zakayo una hesabu ndani yake, na hesabu hiyo inawaelekea watu aliowadhulumu kabla haijaelekea madhabahu. Kanisa la Scrovegni limenifundisha uzuri wa kuomba msamaha. Hesabu ya Zakayo sikuiona ndani yake.

Ninayasema haya nikiwa na nyumbani moyoni. Tanzania leo watu huiita mikopo ya aina hii kausha damu, na tunawajua akina mama waliochukua fedha kidogo ya mtaji wa genge, wakaishia kunyang'anywa friji, vitanda na hata kadi ya benki, wengine wakakimbia ndoa zao kwa aibu. Kuna wakopeshaji ambao baadaye huokoka, hutoa ushuhuda wenye machozi kanisani, hununua vipaza sauti na viti vya plastiki kwa ajili ya ibada, na kusanyiko hushangilia. Sina sababu ya kuutilia shaka wokovu wa mtu. Ila kadi za benki za watu zikiwa bado zimo ndani ya droo yake, ningependa mchungaji wake aje Padua asimame dakika 15 mbele ya ukuta huu, na akitoka aisome upya sura ya 19 ya Luka.

Kwa sababu hiyo tathmini yangu haiishii Scrovegni. Anayelipia tikiti hii na kuondoka bila kutembelea mahali pengine pawili mjini humo ameiona nusu ya habari. Pa kwanza ni Palazzo della Ragione, jumba la kale la mahakama katikati ya masoko ya mji, ambamo limehifadhiwa jiwe jeusi lililoitwa jiwe la fedheha. Mdaiwa aliyeshindwa kulipa alivuliwa akabaki na nguo ya ndani, akakalishwa juu yake mara tatu mbele ya umati, akitamka kwamba ameiacha mali yake yote, kisha akafukuzwa mjini. Inaumiza kuliona. Lakini sheria hiyo ilikuwa huruma ukilinganisha na iliyotangulia, maana kabla yake mdaiwa alifungwa gerezani bila kujua atatoka lini. Badiliko hilo lilipitishwa na mji mwezi Machi 1231 kwa maombi ya mtawa mmoja Mfransisko ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanamjua vizuri sana, kwa kuwa ndiye wanayemwomba wanapopoteza kitu: Antoni wa Padua.

Wengi wetu tunamjua Antoni wa sanamu, aliyembeba Mtoto Yesu na maua ya yungiyungi. Padua inamkumbuka pia Antoni aliyewahubiri wala riba Kwaresima ya mwaka huo wa 1231, miezi michache kabla ya kufariki tarehe 13 Juni, na waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba walisikiliza, wakatubu, na wakarudisha walichotoza. Hapo ndipo pa pili pa kwenda, Basilika yake, ambayo haina kiingilio na iko mwendo wa kama dakika 25 kwa miguu kutoka Scrovegni. Ipo pia tramu kwa asiyeweza kutembea. Katika kikanisa chenye kaburi lake kuna michongo mikubwa ya marumaru inayosimulia miujiza yake, na mmojawapo, kazi ya Tullio Lombardo ya mwaka 1525, ni muujiza wa moyo wa bahili. Antoni alikuwa akihubiri kwenye mazishi ya tajiri mkopeshaji, akawaambia waombolezaji kwamba moyo wa marehemu haumo kifuani mwake. Wakampasua, hawakuukuta. Wakaenda kufungua sanduku lake la fedha, wakaukuta humo. Mchongaji Donatello naye alilichonga tukio hilo hilo kwa shaba katika altare kuu, katikati ya karne ya 15, na katika kazi yake umati umejaa pande zote, watu wanasukumana, wanaogopa, wanapiga magoti, kwa sababu kila mmoja anajiuliza wa kwake uko wapi.

Pale kaburini nilikuta kitu ambacho Scrovegni haiwezi kukupa kwa sababu ya taratibu zake: watu wanaosali. Mahujaji wanapita polepole nyuma ya kaburi, wanaweka kiganja kwenye jiwe, na juu ya jiwe hilo wanaacha picha za watoto wao na barua zilizokunjwa. Hakuna anayekuhesabia dakika. Nilimsikia mama mmoja akisali kwa Kilingala, na ningeshangaa kama siku nzima ingepita bila Kiswahili kusikika humo pia.

Kwa upande wa huduma, Kanisa la Scrovegni linapata sifa yangu kamili katika uhifadhi, utaratibu na adabu ya wahudumu, ambao huzungumza Kiingereza na hujibu maswali bila haraka kabla hamjaingia. Maelezo ya Kiswahili hakuna, kwa hiyo soma habari za Yoakimu na Ana, na za utoto na ujana wa Maria, kabla ya kwenda, kwa sababu hazimo katika Biblia na safu yote ya juu inazisimulia. Watoto wakubwa watafaidi. Walio wadogo hawatavumilia chumba cha kusubiria, na picha za jehanamu zinatisha. Mwenye kuandaa safari ya parokia au ya kwaya ajue kwamba kundi likizidi watu 25 litagawanywa, na kila sehemu itakuwa na saa yake.

Ushauri wangu juu ya mpangilio wa siku ni huu: weka nafasi ya Scrovegni asubuhi, mara tu baada ya kushuka kwenye treni, pitia jumba la jiwe la fedheha mchana, upate chakula kwenye vibanda vya sokoni vilivyo chini yake ambako bei ni nafuu kuliko mikahawa ya uwanjani, kisha umalizie Basilika jioni, wakati misa inaadhimishwa na makundi ya watalii yamepungua. Mwenye nusu siku tu aiache makumbusho ya Eremitani hata kama tikiti yake imeilipia, ili apate muda wa kutosha kaburini kwa Antoni.